Chakula cha Kuleta: Bwana Aona Aibu, Bibi Aona Furaha

Mwezi huu tuzungumze juu ya sufuria. Usicheke. Katika ukurasa huu tumezoea kufundisha juu ya uaminifu, pesa na malezi ya watoto, lakini kuna ugomvi unaoingia katika nyumba za Wakristo kwa mlango wa jikoni, na mara nyingi huanza siku ile jumuiya inapokubaliana kwamba kila familia ije na chakula.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976 mjini Nairobi, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa kwetu. Tangu hapo Misa za nyumbani zimekuwa jambo la kawaida. Misa ikiisha, watu hula. Na kwa kuwa unga ni ghali, jumuiya nyingi huona si haki mwenye nyumba kubebeshwa mzigo peke yake. Basi hutangazwa: "Kila mtu aje na chochote." Ni maneno mepesi, lakini bwana na bibi waliolala kitanda kimoja miaka kumi wanaweza kuyasikia kwa masikio tofauti kabisa.

Tuchukue mfano. Sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya itafanyika nyumbani kwenu. Wewe mama umekaa na wenzako mkagawana kazi: huyu wali, huyu chapati, yule maharagwe, na mjane wa pale bondeni ataleta sukuma wiki ya shambani mwake. Umefurahi. Ulikulia mahali ambapo mwanamke haendi kwa mtu mikono mitupu. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, mtoto akizaliwa akina mama hubeba vyakula katika viondo kwenda kumwona mzazi, na hakuna anayefikiri kwamba nyumba ile ina njaa. Kwako chakula cha kuleta ni undugu.

Jioni unamweleza bwana. Anakunja uso. "Mama watoto, watu waje kwangu na sufuria zao? Watasema nini? Kwamba nimeshindwa kulisha wageni?" Yeye naye alikulia mahali ambapo mgeni huchinjiwa kuku, na baba yake angeona afadhali kukopa kuliko mgeni aondoke na njaa. Kesho yake anakopa kweli, ananunua mbuzi. Siku ya Misa nyama ni tele na watu, kama ujuavyo watu, wanakimbilia nyama. Sukuma wiki ya yule mjane inabaki na mfuniko wake vilevile. Anaibeba, anarudi nayo bondeni. Wageni wakiisha kuondoka bwana anasema kwa furaha, "Umeona? Leo tumeheshimika." Bibi hajibu. Siku tatu hajibu, na bwana hajui amekosa nini.

Tuseme wazi kwamba katika nyumba hii hakuna mtu mwovu. Wengine watamwita bwana huyu mwenye majivuno. Sisi hatuoni hivyo. Ukarimu alifundishwa na baba yake, na ni fundisho jema. Taabu ni kwamba hawakuulizana swali moja: siku hiyo mwenyeji ni nani? Bwana aliona wageni wanakuja kwake. Bibi aliona wanajumuiya wanakuja kwao wenyewe, ila safari hii viti vimepangwa katika nyumba hii. Kwa bibi, wenyeji walikuwa wengi, na mjane alikuwa mmoja wao mpaka mbuzi alipofika.

Wazee wa pwani walikuwa na maneno ya kutenganisha mambo haya. Kula kikoa ni kula kwa zamu: leo mimi nawalisha ninyi nyote, siku nyingine wewe. Kula bia (hapa si ile ya chupa!) ni kila mmoja kutoa sehemu yake kwa mlo ule ule. Kama mngekuwa mnakula kikoa, bwana angekuwa na haki, maana ni zamu yake. Lakini katika kula bia, anayeleta kila kitu huwanyang'anya wenzake sehemu yao. Hata Waingereza, ambao tumelipata kwao neno potilaki, wamelibadilisha maana. Zamani lilihusu mgeni wa ghafla, ale bahati ya chungu, yaani chochote kilichopikwa siku hiyo. Baadaye, hasa Marekani, likawa mlo ambao kila mtu huja na chakula chake. Ikiwa wenye neno wenyewe wamekuwa na maana mbili, ni ajabu gani mume na mke kujikwaa?

Kanisa nalo lilijikwaa mapema. Soma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, kuanzia aya ya 17. Wakristo wa Korintho walikusanyika kwa karamu ya Bwana, lakini kila mmoja alianza kula chakula chake mwenyewe. Mmoja akabaki na njaa, mwingine akalewa. Mtakatifu Paulo aliwakemea kwa ukali. Tazama alichokasirikia: waliwaaibisha wasio na kitu. Akawaagiza wangojane. Bwana wa mfano wetu alifanya kinyume cha Wakorintho wale, kwa maana yeye aligawa chake kwa wote, lakini aibu aliyoikimbia yeye ilikwenda kukaa kwa mjane.

Akina mama nao wasikilize. Wapo wanaogeuza chakula cha kuleta kuwa mashindano. Anachukua pesa za matumizi ya wiki nzima apike pilau, ili sufuria yake iwe ya kwanza kwisha, na watoto wanakula ugali kwa chumvi mpaka Jumamosi. Bwana akiuliza, anaambiwa hampendi Mungu. Na wengine hutangaza mbele ya jumuiya, "Sisi tutaleta kuku wawili," kabla bwana hajasikia habari yoyote. Hapo mwanamume asilaumiwe akikunja uso. Umempa deni mbele za watu.

Njia tunayoipendekeza ni fupi. Tangazo likitoka, zungumzeni usiku huo huo, si asubuhi ya Misa. Bibi aeleze wameagana nini na nani analeta nini. Bwana akitaka kuonyesha ukarimu, zipo njia nyingi: kuazima viti na turubai, kuhakikisha maji na kuni vipo, kukaribisha watu mlangoni, na hasa kupakua chakula cha kila sufuria bila kuchagua. Baba wa nyumba akiwa wa kwanza kuchukua sukuma wiki, wengine watafuata. Asiye na cha kuleta asibaki nyumbani kwa haya. Kuosha vyombo ni sehemu kamili.

Wiki hii kaeni wawili mjibizane. Kwenu ulipokulia, mgeni akija na chakula ilisemwaje? Kinachobaki baada ya mlo ni cha aliyeleta au cha mwenye nyumba? Ni kiasi gani cha pesa tunaweza kutoa bila watoto kuumia? Na ile sufuria ya jirani iliyobaki jikoni kwenu tangu Misa iliyopita, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, itarudi na nini?