Sindano ya Ganzi ya Jino: Lini ni Bahati Mbaya, Lini ni Uzembe?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulisemea nyumbani tu, tena kwa uchungu. Mtu amekwenda kung'oa jino, amechomwa sindano ya ganzi, na tangu siku hiyo ulimi au mdomo wake haujarudi katika hali yake. Wapo wanaosema ni mapenzi ya Mungu na kunyamaza. Wapo wanaotaka kumshtaki daktari kesho yake asubuhi. Wote yafaa kwanza waelewe ganzi inavyofanya kazi.

Dawa inayotumika sana ni lignokeini, ambayo mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili isichukuliwe na damu upesi. Kwa magego ya taya la chini, sindano huchomwa nyuma kabisa ya kinywa, karibu na mshipa wa fahamu unaoingia ndani ya mfupa wa taya. Mshipa wa fahamu wa ulimi uko jirani. Daktari haioni mishipa hiyo kwa macho, huongozwa na mfupa na vidole vyake. Ganzi ya hapo hukaa mdomoni na katika ulimi kwa saa tatu hadi tano, kisha huisha yenyewe.

Mara chache sana mshipa hujeruhiwa. Mwaka 2000 watafiti wa San Francisco, Marekani, walikadiria kwamba madhara ya kudumu hutokea mara moja katika sindano za aina hiyo zipatazo 26,762 hadi 160,571. Wengi wanaoumia hupona ndani ya wiki nane. Wachache hubaki na ganzi, au mwasho kama wa pilipili, au hupoteza ladha ya chakula upande mmoja. Jambo hili laweza kumpata hata mgonjwa wa daktari hodari na mwangalifu. Kwa hiyo kuumia peke yake si ushahidi wa uzembe. Mahakama huuliza kama mhudumu alifanya kile ambacho mtaalamu wa kawaida wa kazi ile angefanya, na kama dhara limetokana na kosa lake. Jibu moja likikosekana, dai huanguka.

Tuchukue mfano wa akina mama wawili, wote wameng'olewa gego la mwisho la chini. Wa kwanza aliulizwa habari za shinikizo la damu, moyo, ujauzito na dawa anazotumia. Alielezwa hatari zilizopo. Sindano ilipoingia alisikia mshtuko kama wa umeme katika ulimi, akainua mkono, na daktari akairudisha sindano nyuma kidogo kabla ya kusukuma dawa. Siku ya tatu ulimi ulikuwa bado umekufa ganzi. Alirudi, akapimwa, ikaandikwa katika faili, akapangiwa tarehe nyingine, na nafuu ilipokosekana akapelekwa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Ulimi haukupona. Namhurumia sana, lakini sioni dai hapo.

Wa pili hakuulizwa lolote. Aliposikia umeme alipiga kelele, akaambiwa, "Tulia mama, usisumbue," na dawa ikasukumwa palepale. Aliporudi aliambiwa itaisha yenyewe. Hakuna kilichoandikwa, na miezi sita ikapita bila kupelekwa popote. Huyu ana jambo la kuuliza. Hata hivyo wakili atamwuliza swali gumu: ni sindano iliyoharibu mshipa, au ni kule kung'oa kwenyewe? Gego la mwisho hukaa karibu sana na mishipa hiyohiyo, na ni mtaalamu tu awezaye kutoa ushahidi juu ya hilo.

Kwa watoto mambo huwa wazi zaidi. Mtoto apimwe uzito kabla ya ganzi. Kipimo ambacho wengi hushika ni kutopita miligramu 4.4 za lignokeini kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 basi asipite miligramu 66. Kichupa kimoja cha ganzi ya asilimia 2, chenye mililita 1.8, kina miligramu 36, maana yake vichupa viwili vimekwisha kuzidi. Dawa ikizidi, mtoto husinzia, huweza kupata degedege, hata kuacha kupumua. Mhudumu asiyejua uzito wa mtoto hana la kujitetea. Na mzazi aambiwe amwangalie mtoto asitafune mdomo wake wakati una ganzi. Nimeona midomo iliyovimba kama ndizi kwa sababu hakuna aliyesema neno hilo moja.

Dawa ya usingizi ni jambo kubwa zaidi ya ganzi. Huko California, mwaka 2015, mtoto wa miaka sita alifariki baada ya kulazwa usingizi kwa ajili ya jino, huku daktari aliyefanya upasuaji ndiye aliyesimamia usingizi. Mwaka 2016 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwaeleza wazazi mambo hayo kwa maandishi. Ulizeni nanyi: nani atakayeangalia pumzi ya mtoto wakati mwingine akishughulika na jino?

Mtu akiona ganzi haijaisha kesho yake, arudi palepale, asingoje. Aombe iandikwe katika faili. Atunze kadi, risiti na tarehe, na aandike sehemu gani imekufa ganzi na kama inapungua. Aombe nakala ya maandishi ya matibabu. Kisha aonane na mganga mkuu wa hospitali. Mara nyingi maelezo ya kweli na rufaa humaliza ugomvi. Wapo wanaoogopa kuuliza kwa sababu hospitali ni ya masista. Msiogope. Kusamehe hakumzuii mtu kudai gharama za matibabu aliyosababishiwa.

Kwa Tanzania Bara, malalamiko juu ya mwenendo wa daktari wa meno hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Baraza laweza kumwonya au kumfutia usajili, lakini fidia hutolewa na mahakama. Dai la madhara ya uzembe lifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Kama hospitali ni ya Serikali, taarifa ya siku 90 hutangulia kesi. Asiye na uwezo wa wakili aende kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya yake, au aulize parokiani juu ya ofisi ya Haki na Amani ya jimbo, akiwa na zile karatasi zake mkononi.