Dawa za OCD: Kwa Nini Zinachelewa, na Kwa Nini Usikate Tamaa

Kuna anayetawadha mara tatu, nne, tano, na bado moyo haumkubalii kwamba udhu umetimia. Kuna mama anayeamka usiku kukagua mtungi wa gesi, akarudi kulala, kisha akaamka tena. Na kuna kijana anayejiwa na wazo la kumchoma kisu mdogo wake, wazo linalomtia kinyaa yeye mwenyewe, mpaka ameficha visu vyote vya jikoni. Wote hawa huenda wana ugonjwa mmoja, OCD: fikra zinazomvamia mtu bila ridhaa yake, na vitendo anavyovirudiarudia ili azitulize. Vikianza kumla zaidi ya saa moja kwa siku, au kumharibia kazi, ndoa na ibada, hayo ni maradhi, na yana tiba.

Dawa zenyewe ni zipi?

Za kuanzia ni kundi la SSRI, zilezile zinazotumika kutibu sonona: fluoksetini, sertralini, fluvoksamini na paroksetini. Kwenye boksi unaweza kukuta jina la biashara. Prozac ni fluoksetini, Zoloft ni sertralini. Dawa hizi huifanya serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana taarifa kwayo, ikae muda mrefu zaidi kati ya seli. Kwa nini hilo hupunguza fikra za kujirudia, wanasayansi bado wanabishana. Kwamba hupunguza, majaribio yamekwisha kuthibitisha.

Mkongwe wa dawa za OCD, ingawa si SSRI, ni klomipramini, au Anafranil. Madaktari wa Ulaya waliona inasaidia wagonjwa wa OCD tangu miaka ya 1960, na Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 1989. Nguvu inayo, ila hukausha kinywa, hufunga choo, huleta usingizi, huweza kuvuruga mapigo ya moyo na, dozi ikizidi, kuleta degedege. Ndiyo maana mara nyingi husubiri SSRI zijaribiwe kwanza.

Nimemeza wiki tatu, sioni kitu. Niache?

Usiache. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tumezoea dawa ya malaria: siku tatu, homa imeshuka. Dawa za OCD zinakwenda kinyume na mazoea hayo. Kichefuchefu, kichwa kuuma na usingizi kuruka hutangulia, mara nyingi katika wiki ya kwanza, halafu hupungua. Nafuu yenyewe hujitokeza pole pole, na kuipima sawasawa kunahitaji wiki 8 hadi 12. Yaani mgonjwa hutaabika kwanza, faida baadaye, na ni vyema aambiwe hivyo siku anayoandikiwa dawa.

Jambo la pili ni dozi. Mwenye sonona anaweza kutulia kwa miligramu 20 za fluoksetini. Mwenye OCD mara nyingi hupandishwa hadi 40 au 60, wakati mwingine 80; sertralini huweza kufika 200. Aliyekaa mwaka mzima kwenye 20 kisha akatangaza kwamba dawa zimemshinda, kwa maoni yangu hajazijaribu bado. Lakini kupandisha dozi ni kazi ya daktari, usijipandishie mwenyewe.

Na utegemee nini? Takriban nusu ya wagonjwa hupata nafuu ya maana kwa dawa ya kwanza. Nafuu si lazima iwe kupona kabisa: aliyekuwa akioga kwa muda wa saa mbili akimaliza kwa dakika ishirini, maisha yake yamebadilika. Ikishindikana, daktari hubadilisha SSRI, huhamia klomipramini, au huongeza dozi ndogo ya risperidoni au aripiprazoli.

Zitanifanya teja?

La. Hazilevyi, wala hazileti arosto ya kuzitafuta. Ila ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira za karibu na vishtuko kama vya umeme kichwani, kwa hiyo hushushwa kidogo kidogo, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili ya nafuu. Yenye hatari ya uteja ni diazepamu, ambayo watu huinunua kirahisi ili walale. Nayo haitibu OCD.

Kuna madhara ambayo watu huyaonea haya: hamu ya tendo la ndoa kupungua, au kuchelewa kufika kileleni. Wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu hiyo. Mwambie daktari, dozi au dawa inaweza kubadilishwa.

Nichunge nini?

Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Mtu wa nyumbani awe karibu, na yakitokea, hospitali siku hiyohiyo. Tramadoli ikichanganywa na dawa hizi huweza kuleta sumu ya serotonini. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Ukiugua malaria, tibiwa, lakini mtajie mhudumu kwamba unatumia klomipramini, maana dawa mseto huweza kugongana nayo. Mjamzito asiache dawa kabla ya kuonana na daktari.

Dawa peke yake inatosha?

Kwa baadhi, ndiyo. Ipo pia tiba ya mazungumzo na mazoezi: mgonjwa anashika kitasa cha choo cha stendi, kisha anakaa bila kunawa, mtaalamu akiwa pembeni, mpaka hofu ishuke yenyewe. Matokeo yake hayapitwi na ya dawa, na mara nyingi viwili hivyo huenda pamoja. Shida ni kwamba wanaojua kuifanya ni wachache kwetu.

Huduma ya magonjwa ya akili inapatikana Muhimbili, Mirembe mjini Dodoma, Kidongo Chekundu Zanzibar, Mathari jijini Nairobi na Butabika, Kampala. Ukienda, beba maboksi ya dawa ulizowahi kutumia, na umwambie daktari ulimeza miligramu ngapi na kwa wiki ngapi.