Sakafu ya Kuanikia na Maji Yanayopenya

Ndugu Wanachama,

Msimu ukikaribia wengi huja kuuliza dawa ya kuifanya sakafu ya saruji isinywe maji. Swali ni jema. Karafuu mbichi yataka siku nne au tano za jua kali, na ikilala juu ya sakafu chepechepe huanza kuvunda, rangi ikageuka na bei ikaanguka.

Kwanza yafaa ijulikane kuwa zege si kitu kilichoshikana kabisa. Ndani yake mna vijitundu vyembamba kuliko unywele, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa katika utambi wa kandili.

Dawa ni namna mbili. Moja hukaa juu, mfano wa rangi. Sisi tuliipaka rangi sakafu ya chama mara tu masika yalipokwisha, na aliyeshauri ni mimi. Haikuchukua muda ikavimba na kubanduka, tukakaa kuchagua vipande vya rangi katika karafuu kwa vidole. Maji yalikuwa ardhini, yakitaka kutoka yakakosa njia.

Namna ya pili hunywewa na zege lenyewe. Ya zamani ni silikati ya sodiamu, ambayo hukutana na chokaa iliyomo katika saruji ikafanya kitu kigumu, na uso wa sakafu hauvumbiki tena. Za siku hizi ni silani na siloksani. Hizi hazizibi vijitundu, bali hushika kuta zake hata maji yakakataliwa, kama tone juu ya jani la jimbi. Na mvuke wa ndani bado hupata pa kutokea. Zege jipya lingojwe siku 28, lisafishwe mafuta, likauke khasa, ndipo lipakwe. Dawa hizi haziponyi ufa, wala hazifai kwa birika lililojaa maji.

Lakini kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio hili. Twaa nailoni ya dhiraa moja kwa dhiraa moja, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, saa kumi alasiri. Ifunue saa mbili asubuhi. Ikiwa chini yake pana umande, maji yatoka ardhini, na dawa ya juu haitayazuia. Hapo chimba mfereji kando ya sakafu, mvua ipate pa kwenda. Anayejenga upya atandike nailoni nzito kabla ya kumwaga zege, na asitumie mchanga wa pwani, maana chumvi yake huvuta unyevu na kuozesha nondo.

Atakayepaka apake mapema, harufu iishe kabla ya mchumo, na majamvi yaendelee kutandikwa juu yake. Karafuu ni chakula cha watu.

Utepe wa gundi upo afisini. Mwenye kutaka kujaribu aje na nailoni yake.

Katibu