Kumshuhudia Mwenye Bunduki

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu Waislamu, somo letu la leo ni juu ya silaha, na khasa bunduki: ni nani afaaye kuwa nayo, ana haki gani mwenye nayo, na ni nani watakaoulizwa atakapoitumia kwa ubaya. Huenda msomaji akasema, "Haya yatuhusu nini sisi watu wa mji, ambao wengi wetu hatujapata kushika bunduki maishani mwetu?" Twamjibu kuwa yatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza, kulegea kwa mambo haya kumepata kumwaga damu ya ndugu zetu, tena ndani ya msikiti. Ya pili, bunduki haimfikii mtu kwa njia ya halali ila baada ya watu wengine kuulizwa khabari zake. Na kuulizwa khabari za mtu, tukamsifu au tukanyamaza, ni jambo litufikialo sote, mwenye bunduki na asiye nayo.

KISA CHA CHRISTCHURCH

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, katika mji wa Christchurch nchini New Zealand, Waislamu walikuwa wamekusanyika kwa sala katika Masjid An-Nur na katika kituo cha Kiislamu cha Linwood. Mtu mmoja mwenye chuki aliwaingilia kwa bunduki, akawaua watu 51, wake kwa waume, wazee na watoto, na wengine wengi akawajeruhi. Mwezi wa Agosti 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha pasipo tamaa ya kufunguliwa, hukumu ambayo haikupata kutolewa nchini humo kabla yake.

Lililo zito kwa somo letu ni hili: mtu huyo hakuiba silaha, wala hakuzinunua gizani. Alikuwa na leseni aliyopewa na polisi mwaka 2017, na bunduki alizinunua dukani kwa leseni hiyo. Ile magazini kubwa, yaani kile kisanduku kitiwacho risasi nyingi kwa mara moja, sheria ya wakati ule ilikuwa haitaki leseni kwa kuinunua, ijapokuwa kuipachika katika bunduki kama zile kulikuwa kwahitaji idhini nyingine. Mlango ulikuwa umefungwa, na dirisha la pembeni likaachwa wazi.

Serikali iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza khabari hii, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 2020. Iliona kuwa polisi hawakutimiza kiwango kilichotakiwa katika kutoa leseni ile. Kanuni ilitaka aulizwe jamaa wa karibu wa mwombaji, mtu ajuaye tabia yake ya nyumbani. Walakini hakuulizwa jamaa wa damu. Waliokubaliwa kumshuhudia ni rafiki ambaye kujuana kwao zaidi kulikuwa kwa michezo ya intaneti, na mzazi wa rafiki huyo. Hatusemi kuwa wawili hao walijua yaliyomo moyoni mwake. Kosa lilikuwa la waliopewa kazi ya kupima. Lakini tazama, ewe msomaji, jinsi jambo kubwa namna hii lilivyosimama juu ya ushahidi mwembamba namna hii.

SHARIA YATUFUNZA NINI

Dini yetu haikuharamisha silaha, wala haikumkataza mtu kujitetea. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa auawaye akiilinda mali yake ni shahidi. Lakini dini hiyo hiyo iliweka adabu ya silaha tangu zama za upanga na mshale. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kuwa apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike penye ncha, asije akamdhuru Muislamu. Alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala yake. Alituonya kuwa anyosheaye nduguye chuma hulaaniwa na Malaika, hata akiwa ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Na Imran bin Huswain (R.A.), katika masahaba, alichukia silaha kuuzwa wakati wa fitina.

Yazingatie haya. Mwenye mishale hakuambiwa aitupe, kwani mali yake ni yake. Aliambiwa aishike kwa namna ambayo haitamdhuru mwenziwe. Hapa yamekutana mambo mawili ambayo watu wa zama zetu hudhani kuwa hayapatani: haki ya mwenye kitu na amani ya wapitao njiani.

Ama juu ya kumshuhudia mtu, imepokewa khabari ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Alikuja mtu mbele yake kutoa ushahidi, naye akataka aletewe amjuaye. Akasimama mtu mwingine akasema kuwa amjua, na kwamba ni mwadilifu. Umar akamuuliza mambo matatu: je, ni jirani yako wa karibu, umjuaye mwingilio wake na mtokeo wake usiku na mchana? Je, umepata kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu, ambazo kwazo uaminifu wa mtu hujulikana? Je, umesafiri naye safari ambayo kwayo tabia za mtu hufichuka? Yote akajibu kuwa siyo. Basi Umar akamwambia kuwa hamjui, akataka aletwe mwingine. Na katika riwaya nyingine alimwambia kuwa pengine amemuona tu akiinamisha kichwa na kukiinua msikitini.

Lau maswali haya matatu yangeulizwa Christchurch, rafiki wa michezo angejibu nini?

HAKI ZA MWENYE SILAHA

Hata hivyo hatupendi msomaji afahamu kuwa kila mwenye bunduki ni mtu wa kutiliwa shaka. New Zealand mwaka 2019 ilikuwa na watu wapatao 250,000 wenye leseni, wengi wao wakulima na wawindaji, ambao hawakumdhuru mtu. Tarehe 10 Aprili 2019, siku 26 baada ya msiba, Bunge lao lilipitisha kwa kura 119 dhidi ya moja sheria iliyokataza bunduki nyingi za namna ile. Waliokuwa nazo kwa halali hawakufanywa wahalifu. Walipewa muda hadi tarehe 20 Disemba 2019 kuzirudisha, na wakalipwa kwa kadiri ya hali ya kila silaha. Zilirudishwa zaidi ya 56,000. Mali ya mtu haichukuliwi bure, ijapokuwa ni kwa maslaha ya wote. Na hili sharia yetu yalijua vyema.

Wako wasemao kuwa sheria za silaha ni hila ya watawala ya kuwavua watu nguvu zao. Neno hili halikosi ukweli, na sisi wa Kenya tuna ushahidi wake. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliweka hukumu ya kifo kwa apatikanaye na bunduki pasipo idhini, ilhali walowezi walikuwa na bastola zao viunoni. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na shtaka alilohukumiwa kwalo lilikuwa ni kupatikana na bastola na risasi. Sheria ile haikumpima mtu kwa tabia yake. Ilimpima kwa kabila yake na rangi yake.

Lakini mizani ikidanganya, dawa yake si kuvunja mizani zote sokoni, ila ni kuisahihisha. Sheria ya haki ni ile impimayo tajiri na maskini kwa jiwe moja, imwambiaye aliyenyimwa sababu ya kunyimwa, na imfunguliaye mlango wa kushtaki. Hata Marekani, ambako haki ya kuwa na silaha imeandikwa katika katiba tangu mwaka 1791, Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwezi wa Juni 2024, majaji wanane dhidi ya mmoja, kuwa mtu ambaye mahakama imemuona ni khatari kwa mwenzi wake yafaa azuiliwe silaha kwa muda. Basi hata kwa wale walioifanya haki hii kuwa kubwa, haki ina mpaka wake, na mpaka wenyewe ni shingo ya mtu mwingine.

SHERIA YA NCHI YETU

Katika Kenya jambo hili laongozwa na Sheria ya Silaha, sura ya 114, ambayo asili yake ni ya mwaka 1954. Katiba yetu ya mwaka 2010 haikumpa mtu haki ya kuwa na bunduki. Ni ruhusa itolewayo kwa cheti. Atakaye cheti hana budi kuonyesha sababu njema, na mwenye kutoa atosheke kuwa hapana khatari kwa watu wala kwa amani. Mlevi na mwenye maradhi ya akili hawapewi. Na aliyekataliwa anayo haki ya kukata rufani. Mwisho wa mwaka 2018 serikali iliamrisha wenye bunduki wote wapimwe upya, kwa kuwa vyeti vingine vilikuwa vimefika mikononi mwa wasiostahili.

Ukiyatazama masharti haya utaona kuwa hayapingani na yale tuliyoyasoma. Yakosekanayo si maandishi. Ni watu wa kusema kweli. Afisa aliye mbali hamjui mwombaji. Amjuaye ni jirani asikiaye vishindo vya usiku, ni mkewe, ni nduguye, ni mshirika wake wa biashara, ni imamu na mzee wa mtaa. Hao wakisifu kwa kuona haya, au wakanyamaza kwa kuogopa kuvunja udugu, karatasi ya serikali haina nguvu yoyote.

YATUPASAYO

Kwanza, usimshuhudie mtu usiyemjua. Akija rafiki kutaka sahihi yako, jiulize maswali matatu ya Sayyidna Umar. Ukiwa huna jawabu, mwambie kwa upole kuwa humjui kiasi hicho. Kumkatalia si kumtukana.

Pili, ukijua kuwa mtu mwenye silaha amekuwa mlevi, au apiga nyumbani kwake, au amepatwa na maradhi ya akili, au amejaa chuki ya kumwaga damu, usifiche. Kumkhabarisha mwenye mamlaka si kusengenya, kwani wanavyuoni wameruhusu kutaja aibu ya mtu panapokuwa na dhara ya kuepusha. Na kumzuia ndugu yako asidhulumu ndiko kumnusuru.

Tatu, mwenye cheti cha haki tumpe haki yake. Asisingiziwe kwa husuda, wala asinyang'anywe mali yake pasipo hukumu. Naye ajue kuwa bunduki ni amana: aifungie mbali na watoto, asiitoe arusini kwa kujigamba, wala asimnyoshee mtu hata kwa mzaha.

Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida kwa maana kuwa aiuaye nafsi moja pasipo haki ni kama aliyewaua watu wote, na aihuishaye ni kama aliyewahuisha wote. Huenda sahihi tuliyokataa kuitia ndiyo iliyoihuisha nafsi, nasi tusijue mpaka Siku ya Kiyama. Twamuomba Mola awarehemu ndugu zetu waliouawa wakiingoja sala, na atujaalie kuwa mashahidi wa haki.

Wabillahi tawfiq.