Kabla Hujalipia Pamfleti ya Historia

Mwaka wa pili nilipata sapu ya Historia. Niwe mkweli, wenzangu: sikuipata kwa uvivu. Nilipiga msuli hasa. Nilikuwa na madesa ya waliotutangulia, nimeyatoa kopi steshenari ya jirani na hosteli, kila swali limeshajibiwa. Nilikariri sababu saba za kushindwa kwa wapiganaji wa Majimaji mpaka ningeweza kuzitaja usingizini.

Kwenye UE, Majimaji ikaja kweli. Ila swali halikuuliza kwa nini walishindwa. Lilitaka tujadili kama vita vile, pamoja na kushindwa, viliubadilisha utawala wa Wajerumani. Mimi nilipoliona tu neno Majimaji nikashusha pumzi, nikamwaga sababu zangu saba. Karatasi zilijaa, maksi hazikuja.

Jibu lilitakiwa kupima pande mbili. Upande mmoja, Gavana Rechenberg aliyeingia mwaka 1906 aliwapa wakulima Waafrika nafasi zaidi ya kulima mazao ya biashara wenyewe, badala ya kutegemea mashamba ya pamba ya kulazimishana yaliyochochea vita. Upande wa pili, kodi na kazi za kulazimishwa hazikuisha, na kusini kuliachwa na njaa kali; makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na mengine yanafika karibu 300,000. Hayo yote yalikuwa maktaba. Kwenye desa langu hayakuwemo, kwa sababu aliyelitengeneza alikuwa anajibu swali la mwaka wake, si la mwaka wangu.

Nikadhani somo hilo limeisha baada ya kufaulu sapu. Halijaisha. Mwaka huu nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, binti mmoja wa kidato cha nne alinifuata ofisini na pamfleti mpya.

"Shikamoo mwalimu. Nimenunua hii, mama kauza maandazi wiki nzima. Inafaa?"

Nikaifungua. Ukurasa wa kwanza niliousoma ulisema Mkutano wa Berlin ndio uliochora mpaka kati ya Wajerumani na Waingereza Afrika Mashariki. Mbele kidogo, Mkwawa ametajwa kati ya viongozi wa Majimaji. Sikujua nimjibu nini. Ningemwambia haifai, maandazi ya mama yake yamekwenda bure. Ningenyamaza, angeingia na makosa yale kwenye chumba cha mtihani wa Novemba.

Nitarudi kwake. Kwanza niwape utaratibu ninaoutumia sasa, maana sisi wa ualimu tutaulizwa swali lile maisha yetu yote, na wengi wetu bado tunanunua madesa kwa kuangalia unene.

Kwanza, anza na muhtasari wa somo, usianze na pamfleti. Kwa shule, Baraza la Mitihani huweka fomati za mitihani kwenye tovuti yake bure. Kwa chuo, tumia mpango wa kozi uliopewa wiki ya kwanza. Orodhesha mada zote kwenye karatasi, kisha weka alama kwenye zile ambazo pamfleti imezigusa. Utashangaa kukuta ukoloni umepewa kurasa arobaini na biashara ya masafa marefu kurasa mbili. Angalia pia imeandikwa kwa muhtasari upi. Sasa hivi kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na pamfleti ya zamani haiwezi kulijua.

Pili, ipime kwa mambo matano unayoyajua kwa uhakika. Kazi hii haizidi dakika kumi, na unaweza kuifanya hapohapo dukani kabla ya kulipa. Mimi hutumia haya: Berlin ni 1884 hadi 1885, lakini mipaka ya Wajerumani na Waingereza huku kwetu ilitokana na makubaliano ya 1886 na 1890. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na akafa 1898, miaka saba kabla ya Majimaji kuanza. TANU ni 1954. Azimio la Arusha ni 1967. Kinjekitile alinyongwa 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Ikikosea moja, soma kwa tahadhari. Ikikosea mawili, irudishe kwenye shelfu.

Tatu, tazama hoja zimejengwaje. "Silaha duni" ni kichwa cha habari tu. Hoja inaeleza na kutoa mfano: wapiganaji waliamini maji yatawakinga na risasi, lakini walipoishambulia ngome ya Mahenge Agosti 1905, bunduki za rashasha ziliwaangusha wengi mno. Pamfleti yenye vichwa bila maelezo itakufundisha kuandika vichwa bila maelezo.

Nne, majaribio. Mitihani halisi iliyopita inazidi maswali ya kutungwa mtaani, lakini kusoma swali na jibu lake kwa pamoja si kujipima. Funika majibu, weka saa, andika insha nzima kwa kalamu. Kisha mpe mwenzako asahihishe, asiyekuonea haya. Nilipokuwa najiandaa na sapu, rafiki yangu aliandika kwa wino mwekundu juu ya insha yangu ya kwanza: "Hujajibu swali." Iliniuma, ila ndiyo iliyonivusha. Tangu hapo, kabla ya kuandika, napigia mstari neno la kuamuru: eleza, linganisha, jadili, tathmini. Halafu naandika swali upya kwa maneno yangu. Na mitihani miwili ya karibuni usiiguse mpaka wiki ya mwisho; hiyo ndiyo itakayokuonyesha ulipofikia.

Tano, soma taarifa za Baraza za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Nazo ni za bure. Zinaonyesha mifano ya majibu mazuri na mabaya, na sababu. Kosa linalojirudia ni lilelile langu: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini. Walimu watarajiwa, huko kuna maarifa kuliko kwenye pamfleti kumi.

Sasa yule binti. Nilimwambia ukweli wote, kisha nikamwambia asiitupe. Tukakubaliana aisome na kitabu cha kiada pembeni, na kila anapokuta kosa alikate na kuandika usahihi pamoja na ukurasa alioutoa. Makosa mawili ya kwanza nilimwonyesha mimi.

Baada ya siku nne akaja mbio wakati wa mapumziko, pamfleti imejaa wino.

"Mwalimu, hapa tena imekosea! Imeandika Uingereza ilianza kutawala Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza."

"Wewe unasemaje?"

Akanieleza kushindwa kwa Wajerumani, kisha udhamini wa Shirikisho la Mataifa, bila kufungua kitabu. Mtihani wake bado, matokeo siyajui. Ila mimi mwaka wa pili nisingeweza kulikamata kosa lile.