Daftari la Madeni na Kanzidata Isiyohitaji Seva

Kiamaiko, wadi mojawapo ya eneo bunge la Mathare jijini Nairobi, inajulikana kwa mbuzi. Wanyama hufika kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo na kaunti nyingine za kaskazini, huchinjwa mapema, na nyama yao huishia kwenye bucha na hoteli nyingi za Eastlands. Pamoja na nyama huuzwa vichwa, miguu na matumbo, na si kila mnunuzi hulipa papo hapo. Biashara ya namna hii haikosi daftari la madeni. Makala haya yanalichukua daftari hilo na kueleza jinsi yaliyomo yanavyoweza kuhifadhiwa na kuulizwa ndani ya simu au kompyuta, bila intaneti na bila kuilipia programu.

Tuanze na mstari mmoja. Tuchukulie umeandikwa hivi: "Jumanne, Mama Supu, vichwa 6, miguu 24, bado." Mwenye daftari anausoma bila taabu kwa sababu nusu ya habari anayo kichwani: ni Jumanne ipi, Mama Supu yupi kati ya wawili anaowajua, bei waliyopatana, na kwamba "bado" maana yake hajalipa. Kompyuta, na simu nayo ni kompyuta, haijui lolote ambalo haikuandikiwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatoa kichwani yale yote na kuyapa kila moja mahali pake.

Mahali hapo panaitwa jedwali. Jedwali lina safu zinazolala na safu zinazosimama. Safu moja inayolala huitwa rekodi, nayo hubeba habari za tukio moja, kwa mfano mauzo ya mara moja. Safu moja inayosimama huitwa uga, nayo hubeba habari za aina moja kwa rekodi zote: tarehe peke yake, idadi peke yake, shilingi peke yake. Tarehe ni vyema iandikwe ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-03-05, kwa sababu zikipangwa kwa mfuatano wa tarakimu zitakuwa zimejipanga pia kwa mfuatano wa kalenda. Fedha ziandikwe kwa namba kamili. Hesabu za desimali ndani ya kompyuta huacha mabaki madogomadogo, na mabaki hayo hayapendezi katika deni la mtu.

Sasa tuwatazame wale Mama Supu wawili. Tukiandika jina, mtaa na namba ya simu ya mteja katika kila rekodi ya mauzo, siku mmoja wao akibadilisha laini itabidi tusahihishe rekodi zake zote, na tukiruka moja tutakuwa na taarifa mbili zinazopingana. Dawa yake ni majedwali mawili. La kwanza, tuliite wateja, lina rekodi moja kwa kila mteja, na kila mteja hupewa namba ambayo haipewi mwingine. Namba hiyo huitwa ufunguo msingi. La pili, mauzo, halirudii jina wala simu. Linataja namba ya mteja tu. Mama Supu wa Kariobangi akiwa namba 7 na wa Huruma namba 12, hawatachanganywa tena hata kama majina yao yanafanana herufi kwa herufi. Wazo hili la kuweka data katika majedwali yanayotajana lilielezwa rasmi mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, na bado ndilo msingi wa kanzidata nyingi zinazotumika leo.

Kanzidata, basi, ni mkusanyo wa majedwali uliohifadhiwa pamoja na kulindwa na programu moja inayojua kanuni zake. Swali linalofuata ni: programu hiyo inakaa wapi? Jibu lina njia mbili.

Njia ya kwanza ni seva, yaani kompyuta au programu inayokaa macho muda wote ikingoja maombi ya wengine. Hesabu za M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, hutunzwa kwa njia hii, na haingewezekana vinginevyo, kwa kuwa mamilioni ya watu wanagusa hesabu zinazohusiana kwa wakati mmoja. Salio lako halimo ndani ya simu yako.

Kilichomo ndani ya simu ni ujumbe wa kukujulisha. Katika simu za Android, ujumbe mfupi huwekwa kwenye kanzidata ndogo ambayo kwa kawaida huwa faili moja liitwalo mmssms.db. Ndani yake kuna jedwali la ujumbe, lenye uga wa namba au jina la mtumaji, uga wa wakati na uga wa maneno yenyewe. Ukifuta ujumbe wa M-Pesa unafuta rekodi katika jedwali hilo, na pesa zako hazitikisiki. Hapa hakuna seva. Programu ya mfumo inayotunza ujumbe imebeba ndani yake sehemu inayojua kusoma na kuandika faili lile moja kwa moja. Hii ndiyo njia ya pili, nayo huitwa kanzidata iliyopachikwa.

Iliyoenea kuliko zote ni SQLite. Ilitungwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, alipokuwa akifanya kazi ya programu za manowari za jeshi la majini la Marekani. Programu iliyokuwepo ilitegemea seva ya kanzidata. Seva ikigoma, programu nayo ilisimama na kumwachia mtumiaji ujumbe wa hitilafu. Hipp akajiuliza kwa nini data isisomwe moja kwa moja kutoka kwenye faili. Alichokiandika hakizidi megabaiti chache kwa ukubwa, na hakina mwenyewe kisheria: ni mali ya umma, kila mtu anaweza kukitumia bila leseni. WhatsApp nayo hutunza mazungumzo yako kwa SQLite ndani ya simu ya Android.

Data ikishahifadhiwa, huulizwa kwa lugha maalumu iitwayo SQL. Tuseme muuzaji anataka kujua kila mteja anadaiwa jumla ya shilingi ngapi, na kwamba uga uitwao imelipwa una 0 kwa deni na 1 kwa lililolipwa. Swali lake litaandikwa hivi:

SELECT wateja.jina, SUM(mauzo.shilingi)
FROM mauzo JOIN wateja ON wateja.namba = mauzo.mteja
WHERE mauzo.imelipwa = 0
GROUP BY wateja.namba;

Mstari wa kwanza unataja kinachotakiwa: jina, na jumla ya shilingi. Wa pili unataja majedwali na jinsi ya kuyaunganisha, yaani namba ya mteja ilingane pande zote mbili. Wa tatu unachuja, ili yabaki mauzo yasiyolipwa tu. Wa nne unaagiza jumla ifanywe mteja kwa mteja. Tumetumia namba badala ya jina ili Mama Supu wawili wasirundikwe pamoja. Msomaji atagundua kwamba hakuna mahali tulipoeleza namna ya kutafuta. Tumesema tunachotaka, na programu ndiyo inayochagua njia.

Njia hiyo inaweza kuwa ndefu au fupi. Bila msaada, programu hupitia rekodi zote kuanzia mwanzo. Tukiitengenezea faharasa, yaani orodha ya pili iliyopangwa kwa namba ya mteja, itaruka: ukurasa mmoja wa faharasa ukielekeza kurasa 100 nyingine, ngazi tatu tu hufikia 100 × 100 × 100, rekodi milioni moja. Gharama yake ni kwamba kila rekodi mpya inabidi iandikwe pia kwenye faharasa. Kwa daftari la muuzaji mmoja, faharasa moja au mbili zinatosha kabisa.

Jambo linalostahili uangalifu mkubwa zaidi ni stima kupotea.

Mama Supu anapochukua vichwa 6 kwa mkopo, mambo mawili hubadilika: akiba ya vichwa inapungua kwa 6, na deni jipya linaingia. Stima ikikatika baada ya la kwanza na kabla ya la pili, vichwa vimetoka na hakuna anayedaiwa. Kwa hiyo mabadiliko hayo hufungwa pamoja na kuitwa muamala, na kanuni ya muamala ni kwamba yote yafanyike au lisifanyike hata moja. Kuitamka kanuni hiyo ni rahisi. Ugumu ni kuitimiza kwenye kifaa kinachoweza kuzimika wakati wowote.

SQLite huitimiza hivi. Faili la kanzidata, tuliite duka.db, limegawanywa katika kurasa ambazo kwa kawaida zina baiti 4,096 kila mmoja. Kabla ya kubadilisha ukurasa wowote, programu huunakili jinsi ulivyo kwenye faili la pili, duka.db-journal. Kisha huusihi mfumo endeshi uhakikishe nakala hiyo imefika kwenye hifadhi ya kudumu, kwa sababu maandishi hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukiondoka. Baada ya hapo ndipo kurasa za duka.db hubadilishwa, nazo pia huhakikishwa zimefika. Mwisho, faili la pili hufutwa. Kufutwa huko ndiko kukamilika kwa muamala.

Tupime. Umeme ukikatika kabla duka.db haijaguswa, hakuna kilichoharibika. Ukikatika katikati ya mabadiliko, programu ikifunguliwa tena italikuta faili la pili bado lipo, itajua kazi haikuisha, na itarudisha kurasa za zamani mahali pake: vichwa 6 vitarudi kwenye akiba na muuzaji ataandika upya. Ukikatika baada ya faili la pili kufutwa, mauzo yamekwisha kuhifadhiwa. Hakuna hali ya nne.

Ulinzi huu una mipaka yake. SQLite huruhusu wasomaji wengi kwa pamoja lakini mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Meza moja ya kuuzia haitaona tofauti, ilhali machinjio yenye makarani wengi wanaoandika kutoka simu mbalimbali yanahitaji seva. Tena, muamala hulinda dhidi ya stima, haulindi dhidi ya simu kuibwa. Nakala ya akiba ni lazima, na isichukuliwe kwa kunakili duka.db peke yake wakati programu inaandika, maana faili lenye mabadiliko nusu likitenganishwa na lile la pili halina tena njia ya kurudi nyuma. Programu ya amri ya sqlite3 ina agizo .backup linalotoa nakala iliyo kamili hata kanzidata ikiwa inatumika, na nakala hiyo iwekwe kwenye kifaa kingine.