Vidokezo 9 vya Kuichungulia Mashine Pepe kwa VBoxManage

Wengi wetu tumeijua VirtualBox kupitia dirisha lake lenye vitufe na aikoni, na ni dirisha zuri. Lakini siku ambayo seva iko Dodoma, wewe uko Tanga na mtandao unasuasua, dirisha hilo hulipati. Unachopata ni skrini nyeusi ya SSH inayosubiri uandike. Hapo VBoxManage, programu inayokuja pamoja na VirtualBox yenyewe, ndiyo rafiki yako. Maandishi hayana uzito, na orodha nzima ya mashine zako ni ndogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Amri nitakazozitaja karibu zote ni za kutazama tu na hazigusi kitu, kwa hiyo hizo za kutazama zijaribu leo bila hofu.

1. Anza kwa kuita majina.

Andika `VBoxManage list vms`. Kila mstari utakupa jina la mashine na, ndani ya mabano, namba yake ndefu ya utambulisho, yaani UUID. Ukitaka zile tu zinazofanya kazi sasa hivi, andika `VBoxManage list runningvms`. Jina likiwa na nafasi katikati, kama "Ubuntu Mazoezi", lifunge kwa alama za kunukuu kila unapolitumia. Kwenye Windows, amri ikidai haijulikani, ingia kwanza kwenye folda ya `C:\Program Files\Oracle\VirtualBox` kisha uiandike humo.

2. Orodha ikitoka tupu, angalia wewe ni nani.

Hili limewatoa watu jasho bure. VirtualBox humtunzia kila mtumiaji wa kompyuta daftari lake. Mashine ulizoziunda kwa jina lako hazionekani kwa mtumiaji mwingine, na ukitanguliza `sudo` unasoma daftari la root, si lako. Andika `whoami` kabla hujaanza kulia kwamba kazi imepotea. Mara nyingi haijaenda popote, wewe tu umebisha hodi nyumba ya jirani.

3. Soma hali ya mashine kabla ya kuiwasha.

Tuseme mashine yako inaitwa "Duka". `VBoxManage showvminfo "Duka"` hutoa ukurasa mzima: kumbukumbu ya RAM, idadi ya prosesa, diski, kadi za mtandao. Jicho lako liende kwanza kwenye mstari wa `State`. Ukisoma `powered off`, mashine ilizimwa. Ukisoma `saved`, ililazwa ikiwa na kazi zake wazi, na itaamka palepale ilipoachwa. Neno la kukufanya usimame ni `aborted`: mashine ilikatika ghafla bila kuzimwa. Kwetu sababu inajulikana, umeme umekatika na kompyuta mwenyeji ikazima nayo. Ukiliona, iwashe ukijua kwamba mfumo wa mafaili ndani yake huenda ukahitaji kukaguliwa. `VBoxManage showvminfo "Duka" --log 0` itakuonyesha kumbukumbu ya matukio ya mara ya mwisho ilipowaka.

Ukurasa ukiwa mrefu mno, chuja: `VBoxManage showvminfo "Duka" | grep -i memory`. Kwenye Windows tumia `findstr /i` badala ya `grep -i`.

4. Zisome snapshoti kama ukoo.

Snapshoti ni hali ya mashine iliyogandishwa kwa wakati fulani: mipangilio yake, diski zake, na hata kilichokuwa kwenye RAM ikiwa mashine ilikuwa inafanya kazi ulipoipiga. Ili kuziona:

`VBoxManage snapshot "Duka" list`

Kama hakuna hata moja, utaambiwa hivyo waziwazi. Zikiwapo, angalia jinsi mistari inavyosogea kulia. Iliyosogea ni mtoto wa iliyo juu yake. Mbili zilizosogea sawasawa chini ya mzazi mmoja ni ndugu: siku moja ulirudi nyuma kwenye snapshoti ya zamani, ukaendelea na kazi, tawi jipya likachipuka. Kisha tafuta kinyota, `*`. Hicho huonyesha snapshoti ambayo hali yako ya sasa imeanzia. Nimeshuhudia mtu akirejesha snapshoti akidhani anasonga mbele, kumbe anarudi nyuma ya kazi ya siku nne ambayo hakuipigia snapshoti yoyote. Chochote ulichofanya baada ya kinyota hakina pa kujishikiza. Ukirejesha bila kupiga nyingine kwanza, kimekwenda.

5. Zipe majina ya kueleweka.

"Snapshot 1", "Snapshot 2", "test", "test mpya". Baada ya miezi miwili nani atakumbuka? Kwa bahati, hili linarekebishika bila kugusa data:

`VBoxManage snapshot "Duka" edit "Snapshot 2" --name "Kabla ya kuboresha MySQL" --description "Ripoti zinatoka sawa"`

Orodha ya kidokezo cha 4 itaanza kusomeka kama shajara.

6. Iulize snapshoti yenyewe.

Watu wachache wanaijua amri hii, na mimi naipenda sana: `VBoxManage snapshot "Duka" showvminfo "Kabla ya kuboresha MySQL"`. Inakuonyesha mashine ilivyokuwa siku hiyo: RAM kiasi gani, kadi ya mtandao ya aina gani, diski zipi. Mipangilio nayo hurudi pale snapshoti inaporejeshwa. Kama mwezi jana uliongeza RAM kutoka MB 2048 hadi 4096, ukirejesha snapshoti ya kabla ya hapo RAM itashuka tena, na utabaki unajiuliza kwa nini mashine imekuwa nzito.

7. Jua diski ipi inamtegemea nani. Hapa tukae kidogo.

Niliwahi kumsaidia kijana aliyekuwa akijifunza kazi ya seva. Laptopu yake ilijaa. Akafungua folda ya mashine yake, ndani yake akakuta folda ya `Snapshots`, na ndani ya hiyo mafaili makubwa ya VDI yenye majina ya namba na herufi zisizosomeka. Akayaona ni takataka, akafuta lile kubwa kuliko yote. Mashine haikuwaka tena, na wiki kadhaa za kazi yake zilikuwa mle. Iliniuma, kwa sababu amri mbili za kutazama zingemwokoa.

Ilivyo ni hivi. Ukipiga snapshoti, faili la diski la asili hufungwa lisiandikwe tena. Kila unachoandika kuanzia hapo huingia kwenye faili jipya la tofauti. Piga nyingine, na faili hilo nalo hufungwa, la tatu linafunguliwa. Mashine inaposoma, huanza na faili la mwisho, na isipokikuta inachotafuta hurudi kwa mzazi, kisha kwa babu. Ukikata kiungo kimoja, vyote vilivyo chini yake vinaning'inia hewani.

`VBoxManage list hdds` huonyesha mnyororo huo. Diski ambayo mbele ya `Parent UUID` imeandikwa `base` ndiyo babu. Nyingine zote hutaja UUID ya mzazi wao. Ukiona hali ya diski ni `inaccessible`, faili lake halipatikani pale lilipotarajiwa. Kisha chukua UUID ya faili unalolishuku, uliulize:

`VBoxManage showmediuminfo disk UUID-YAKE`

Soma mistari mitatu. `Capacity` ni ukubwa ambao mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, anaamini anao. `Size on disk` ni nafasi linayokula kweli kwenye kompyuta yako. `In use by VMs` hutaja mashine inayolitumia na snapshoti inayohusika, na jina la mashine yako likitokea hapo, ondoa mkono.

Piga na hesabu. Diski ya GB 50 yenye snapshoti 3 ina mafaili 4, la asili na ya tofauti 3, na kila moja laweza kukua hadi GB 50. Mashine uliyoidhani ya GB 50 inaweza kukudai GB 200. Ukitaka kupunguza, mwachie VBoxManage afanye kazi hiyo: `VBoxManage snapshot "Duka" delete "Snapshot 1"`. Hii haifuti hali yako ya sasa, inaunganisha mafaili. Ila kuunganisha huchukua muda na huhitaji nafasi ya muda, kwa hiyo angalia nafasi iliyobaki kwa `df -h` kabla diski haijajaa kabisa. Na nakala ya akiba iweke kwenye diski nyingine. Snapshoti inaishi mgongoni mwa faili la asili, likiharibika hilo zote zimeharibika.

8. Tafuta anwani ya IP bila kuingia ndani.

Ikiwa mgeni amewekewa programu saidizi za Guest Additions na anafanya kazi:

`VBoxManage guestproperty get "Duka" "/VirtualBox/GuestInfo/Net/0/V4/IP"`

Sifuri hiyo ni kadi ya kwanza ya mtandao. Ukipata `10.0.2.15`, mashine yako iko nyuma ya NAT na hutaifikia moja kwa moja kutoka kwa mwenyeji mpaka upange kupitisha mlango (port forwarding). Ukipata kitu kama `192.168.56.101`, huo kwa kawaida ni mtandao wa ndani kati ya mwenyeji na wageni wake, na SSH itaingia. Jibu likiwa `No value set!`, yamkini Guest Additions hazimo au mashine bado inaamka.

9. Andika hali ya leo kwenye faili.

Amri za kutazama mashine na orodha ya snapshoti hukubali `--machinereadable`, na majibu hutoka kwa mtindo wa jina na thamani ambao skripti yoyote inauelewa:

`VBoxManage snapshot "Duka" list --machinereadable > duka-snapshoti.txt`

Mwishoni mwa faili hilo utakuta `CurrentSnapshotName`, ambacho ni kile kinyota cha kidokezo cha 4 kikiwa kimeandikwa kwa jina. Fanya hivyo kila kabla ya kurejesha au kufuta chochote, ukitaja tarehe kwenye jina la faili, kisha jitumie kwa barua pepe. Likiharibika jambo saa nane usiku, fundi utakayempigia atakuuliza kwanza mashine ilikuwaje kabla, nawe utakuwa nalo la kumsomea.